Kambo Aliyewalilia Majambazi

Juma lililopita tulimaliza kilio cha bibi yangu kule Kamalondo, katika ua, lupango lile lile alimonilea. Viti vya kukodi vilikuwa vimerudishwa, masufuria makubwa yamesuguliwa, na mimi nilikaa barazani nikichambua mchele ambao hakuna aliyeuhitaji. Kando yangu mpwa wangu alikuwa akitazama filamu kwenye simu, waya masikioni. Nikachungulia. Mtu alikuwa akishuka kwenye gari, wengine wawili wakammiminia risasi, akaanguka kifudifudi. Mpwa wangu akatia karanga mdomoni. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Pole," nikasema.

Akatoa waya wa sikio moja. "Pole ya nani, Tantine?"

"Ya ule wa mu motoka."

Akacheka, akarudisha waya. Simlaumu. Hakuwahi kutazama filamu ya majambazi pamoja na Kambo. Ndivyo sisi tunavyowaita mabibi zetu, Kambo, na wangu ndiye tuliyetoka kumzika.

Ngoja nikueleze basi, maana tangu siku ile kichwa changu kimejaa kelele za zamani, na ni kelele tamu.

Barabara ya pili kutoka kwetu palikuwa na fundi wa nguo. Siku sita cherehani zake zililia tangu asubuhi, lakini Siku ya Mungu, baada ya misa, alizisukuma ukutani, akatundika blanketi dirishani, akaweka televisheni juu ya meza ya kukatia vitambaa. Halafu akatoa kaseti. Habari ilifika kwetu kabla hatujamaliza kula. Nilikuwa nameza bukari, ugali wetu, bila kutafuna, mwiba wa samaki ukinikwama, Kambo akinipiga mgongoni huku akifunga kitambaa kichwani kwa mkono mwingine. Msichana hakai gizani na vijana peke yake, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Nikienda, anakuja. Asipokwenda, nami nabaki. Shika neno hilo, kwa sababu taabu yote ilitoka hapo.

Ndani mlikuwa na harufu ya mafuta ya mashine, jasho, na karanga za kukaanga. Tulikaa juu ya mabunda ya vitambaa. Filamu zilisema Kifaransa, na fundi, akiwa amesimama kando ya televisheni na futi ya kupimia shingoni, alitugeuzia maneno kwa Kiswahili. Aliongeza chumvi. Jambazi akisema maneno matatu, fundi alisema thelathini, na mara nyingine aliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu wasiolipa suruali zao.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mtoto mpole. Nilizipenda bunduki. Risasi ya kwanza ikilia, niliruka juu ya bunda langu, na mtu akirushwa dirishani nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Vijana nyuma yetu walihesabu maiti kwa sauti, kama watu wanaohesabu mabao. Mwalimu wetu wa shule, aliyekuja kila mara na kukaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake tangu mwanzo wa mapigano mpaka mwisho, kisha akainuka na kutuambia kwamba yule marehemu aliyataka mwenyewe. Hatukuelewa kwa nini alikuja. Fundi yeye aliumizwa na kitu kimoja tu. Koti likitobolewa na risasi, alishika kichwa. "Angalieni mushono ule," alisema. "Kazi ya juma nzima. Bameiharibu."

Na Kambo alilia. Hakulia machozi ya kujifuta kwa kona ya kitenge, hapana. Alilia kilio chenyewe, mikono kichwani, kama tunavyolia mtu wetu, akimwita marehemu kwa jina lolote fundi alilompa, akimuuliza amewaachia nani watoto. Kwake hapakuwa na jambazi mbaya na jambazi mwema. Palikuwa na mtu aliyekufa, na watu waliokuwa wakila karanga.

"Kambo, ni filamu," vijana walimwambia. "Ule muntu iko kwake, anakunywa bière."

"Na mama yake? Naye iko anakunywa bière?"

Walicheka mpaka wakaangukiana. Mimi nilijificha uso kwa aibu.

Fundi alivumilia, maana Kambo ndiye aliyemfanyia uji mke wake alipojifungua. Lakini siku moja aliniita kando akaniambia kwamba watu wanalalamika, hawasikii maneno kwa ajili ya kilio. Kambo akilia tena Siku ya Mungu inayokuja, itabidi abaki nyumbani. Alisema kwa upole. Kambo akibaki nyumbani, nami nimekwisha. Juma zima sikulala vizuri. Nikichota maji, nikitwanga majani ya sombe, nikiwasha makaa, nilikuwa nafikiria jambo moja tu: kumnyamazisha Kambo.

Siku ya Posho, yaani Jumamosi, nikapata dawa. Nilikimbia kwa fundi, nikamwambia: muntu akikufa mu filamu, useme hakufa, useme wamempeleka hospitali. Kambo hajui Kifaransa. Fundi akacheka, akanipa kipande cha hariri nyekundu kwa akili zangu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Siku ya Mungu ikafika. Filamu ilikuwa ya mtu mnene mwenye suti nyeupe, mkubwa wa majambazi, na hata mwalimu alikiri kwamba ni suti safi. Fundi alikuwa hawezi kuhema. Mtu mnene akaingia dukani kumnunulia binti yake keki ya sikukuu, akatoka na sanduku la keki mikononi, akitembea polepole ili isiharibike. Tulijua. Vijana wakaanza kunong'ona, mimi nikawa nimeshika goti la Kambo kwa mikono miwili. Gari likaja. Sitakueleza vyote. Suti ile iligeuka nyekundu mahali pengi, na sanduku likafunguka barabarani.

Fundi akamgeukia bibi yangu. "Hakufe, Kambo," akasema. "Banamupeleka ku hospitali."

Kambo akanyamaza kimya. Furaha ilinipanda kama maziwa yanayochemka. Nikageuka kumwangalia fundi, naye akanikonyeza jicho.

Ndipo Kambo akasimama. Alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, wala sikuisikia tena. Vijana waliacha kutafuna. Fundi akabonyeza kitufe haraka, picha ikasimama ikitetemeka, ile keki ikitetemeka juu ya lami.

Kambo akanishika kidevu. "We unasoma Kifaransa. Unambie kweli. Alikufa?"

Niliona macho ya fundi yakiniomba. Niliona Siku zote za Mungu zikiondoka mbele yangu, moja baada ya nyingine. "Alikufa, Kambo," nikasema. "Kabla ya kuanguka chini, alishakufa. Ni miye nilimwambia fundi aseme hospitali."

Nilingoja kofi. Halikuja. Aliketi tena juu ya bunda lake, akatueleza, kwa sauti ndogo tu, jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu. Mwanawe mkubwa, mjomba wangu, alikuwa amekwenda Kipushi kufanya kazi. Asubuhi moja mtu alifika na baiskeli akasema kijana ana homa, yuko hospitali. Kambo akapika. Akamchemshia kuku, akafunga bukari ndani ya kitambaa ili isipoe, akaomba nafasi kwenye gari la mizigo. Alifika chakula kikiwa bado cha moto. Akakuta watu wameketi chini, wamevua viatu, kama kilioni.

"Balikuwa banajua," akasema. "Bote. Na ule wa baiskeli alijua. Miye nilikuwa natafuta chumvi ya supu ya muntu alishakufa."

Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu. Hatumtupii mtu kifo usoni, tunakipeleka polepole, tunasema anaumwa, anaumwa sana, yuko hospitali, njoo. Tunadhani ni huruma. Mimi mtoto nilichukua neno la huruma nikalifanya kizibo cha mdomo wa bibi yangu, na lilikuwa neno lile lile.

Fundi alivua futi shingoni. Alisema hatasema tena hospitali. Kambo akajifuta uso, akatoa hukumu: "Muntu akikufa, useme alikufa. Usimamishe filamu, tumulilie kidogo. Kisha tuendeleye, juu nataka kujua nani alimutuma ule wa gari."

Ndiyo, alitaka kujua. Alizipenda filamu zile kuliko sisi sote.

Tangu siku ile ikawa desturi ya duka. Mtu akianguka, fundi alibonyeza, picha ikatetemeka, kofia zikavuliwa. Kambo aliuliza jina na watoto, akalia kiasi cha kutosha, akasema, haya. Vijana walinung'unika mwanzoni, baadaye wakaanza kugombania nani atataja jina. Mwalimu, akilazimika kuinua kichwa kama wengine, siku moja tulimwona naye ana machozi, na hakusema tena kwamba mtu aliyataka mwenyewe. Fundi aliruhusiwa kusema neno moja juu ya koti. Filamu ya saa mbili ilichukua saa nne. Mimi niliendelea kupiga makofi bunduki zikilia, sikuacha, halafu nikalia pamoja na Kambo, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Duka lile sasa linauza vifuniko vya simu. Fundi alikwisha kufa, mwalimu sijui aliko. Kila mtu ana majambazi wake mfukoni, anawatazama peke yake, na ukitazama sana huwezi kujua usoni pake nani amekufa.

Wiki tatu zilizopita, mchana, simu ililia nyumbani kwangu Kampemba. Ilikuwa binamu yangu. "Kambo iko hospitali," akasema. "Ukuye mbio."

Sikupika kitu. Sikuuliza wodi gani. Nilivua viatu, nikaketi chini.

Pale barazani nilikuwa nimeanza kusimulia haya kwa sauti bila kujua, na mpwa wangu akanigusa bega. Alikuwa ametoa waya zote mbili, na simu ameielekeza kwangu. Mtu wa motokaa alikuwa bado amelala barabarani, filamu imesimamishwa, lakini picha za siku hizi hazitetemeki.

"Nilirudisha nyuma, Tantine," akasema. "Hakuna fasi banataja jina yake."

"Tumupatie, basi," nikasema, nikaweka ungo chini.