Watoto Watatu Walioliwa na RAM

Mchungaji alipomaliza kusoma wasifu wa marehemu, mke mdogo alisimama pale kaburini akauliza, "Na wangu watatu nilizaa na nani?"

Watu wote wakageukia kwangu, maana karatasi niliichapa mimi. Kaka wa huyo mke akaniwahi na fimbo. Bega hili la kushoto, mpaka leo nikitaka kuanika shuka naomba msaada.

Mimi ni wa darasa la saba, nina steshenari hapa Morotonga. Kompyuta yangu ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Sirari anayejiita injinia. Akachomeka RAM ya pili kando ya ile ya zamani, akaniambia kumbukumbu imeongezeka, sasa itakimbia kama swala. Ikakimbia kweli, halafu ikaanguka. Skrini inageuka buluu, inajizima, inawaka yenyewe. Fundi akasema ni virusi, akapiga windo upya, yaani Windows. Ikaanguka. Akasema basi ni umeme wa huku kwetu. Jirani yangu muuza sambusa akasema nimerogwa, lakini yeye angalau hana cheti ukutani.

Siku ya msiba ilijizima mara tano. Mara ya tano ikanirudishia nakala ya mwanzo, kabla sijaandika nyumba ya mke mdogo. Jeneza lilishatolewa nje, wafiwa wananigombeza. Nikachapa bila kusoma. Kosa hilo ni langu, na fimbo yake nimeshaila.

Wiki iliyofuata, mkono umefungwa shingoni, nikaanza kufikiri kama mtu wa ng'ombe. Maksai wawili wakiyumbisha plau, huanzi kulaumu shamba. Unafungua nira, unamwendesha mmoja mmoja. Nikachomoa RAM ya fundi: mashine ikafanya kazi kutwa. Nikaiweka ya kwake peke yake: kutwa nzima, haijikwai. Ndipo nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya RAM zote mbili. Spidi tofauti. Kila moja nzima, pamoja haziivi.

Nikachapa wasifu upya, nikampelekea mke mdogo. Akausoma wote, akanirudishia.

"Shemeji, watu walishasikia ule wa kwanza."

Sasa wewe fundi. Kusoma unajua kuliko mimi, na maandishi yale yalikuwa mbele ya macho yako. Jumapili baada ya ibada ukoo unakaa kugawa mashamba ya marehemu. Njoo usimame mbele ya watu walewale, useme kwa mdomo wako nani aliwafuta wale watoto.