Sauti ya Baba Niliyoisafisha

Hapa nilipo nimejifikisha mwenyewe, na sioni haya kulisema. Niliondoka Koboko na begi moja, nikalinda milango ya maduka ya Dubai miaka sita huku nikijisomesha, nikarudi na diploma ya kompyuta. Leo nina duka la kutengeneza simu Arua mjini, na hata maofisa wa serikali huniletea mashine zao. Kwa hiyo kesi ya kiwanja cha Oli, mtaa wa hapa hapa Arua, ilipoanza, nilimwambia mama mdogo atulie, mambo ya simu aniachie mimi.

Kiwanja kilikuwa cha baba. Alikinunua akiwa jeshini, kambi ya mbali, hivyo mdogo wake ndiye aliyetia sahihi, na karatasi ikabaki na jina la mdogo wake. Hakuna aliyeona tatizo. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, aliishi hapo katika vyumba viwili, akikaanga mandazi barazani. Baba alipougua alirudi Koboko kwenye boma la ukoo, na kutoka huko akanitumia ujumbe wa sauti, maana kalamu hakuipenda.

"Kiwanja ya Oli mimi ndiyo nilinunua," alisema. "Ndugu yangu alitia sahihi tu. Sasa iko ya mama ya watoto."

Kama wazee wengi wa kwetu waliotoka jeshini, baba hakutoa amri bila kuitikiwa. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni wakati baba anajirekodi. Baba akamuuliza, "Wewe, umesikia?" Naye akajibu kwa mbali, jogoo akiwika, "Nimesikia, kaka."

Wiki iliyofuata baba alifariki. Nilitaka watu wamsikie vizuri kwenye arobaini yake, basi nikaisafisha sauti. Nikatoa kikohozi, nikatoa jogoo, nikatoa na yule anayejibu kwa mbali. Baba akabaki peke yake, kama anasoma taarifa redioni. Watu walilia, na wengine waliniuliza nilisomea wapi. Simu ya baba niliifuta yote ili shangazi aitumie. Yangu nilibadilisha, na kwenye mpya nikahamisha ile sauti safi tu.

Miezi michache baadaye baba mdogo alileta mnunuzi Oli, na tukafika mahakamani. Nilivaa suti. Nilikuwa na hakika hakimu atadai karatasi na muhuri, nami nitamweleza dunia ilikofika. Nilikuwa hata nimeandika maneno ya kumweleza.

Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. "Sauti ya simu sheria inaipokea," alisema, kabla sijafungua karatasi yangu. "Hii imekatwa?"

"Imesafishwa, mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Nina diploma."

Mtu mmoja nyuma alicheka.

"Ya kwanza, ambayo haijaguswa, iko wapi?"

Nilimweleza kwamba haipo, na kwamba baba mdogo mwenyewe aliitikia ndani yake. Baba mdogo akasimama. "Mimi? Basi weka tusikie."

Niliiweka. Baba akauliza, "Wewe, umesikia?" Baada ya hapo hakuna kitu.

"Mnaona?" alisema baba mdogo. "Hakuna mutu alijibu."

Hakimu alisema hawezi kujua ni nini kingine kilitolewa. Karatasi ikashinda. Nilikunja maneno yangu nikayatia mfukoni. Sikuhisi hasira, wala aibu. Niliona tu kwamba kiatu changu cha kushoto kina vumbi. Nje, baba mdogo alinipa mkono. "Mwanangu, kweli umesoma," alisema. "Umenisaidia kuliko wakili."

Siku ya kuhama nilikwenda Oli na gari la kukodi. Mama mdogo hakunilaumu. Alinipa karai nishike, akazoa majivu ya jiko, akafagia baraza ambayo si yake tena. Wateja wawili walifika kutafuta mandazi.

"Leo hakuna," aliwaambia.

"Na kesho, mama?"

Aliuegemeza ufagio ukutani. "Muulize mwenye kiwanja."

Tulipakia magodoro. Nikafunga milango yote miwili, nikampelekea baba mdogo funguo.