Kibuyu Nilichokitia Sukari

Mke wangu anafukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, na harufu ya moshi imenifikia barazani. Muuguzi hapa Garsen aliniambia niache sukari kabla ugonjwa haujaniingia, na tangu siku hiyo nakula kama mtu anayemeza dawa.

Harufu hii inanirudisha utotoni, jikoni kwa bibi. Maziwa aliletewa na rafiki yake, mama wa Kiorma, ambaye ndiye aliyemfundisha kufukiza kibuyu na kuyaacha maziwa yagande humo. Mimi sikuyapenda, yalikuwa machachu. Siku moja, kabla mama huyo hajafika kwa ugeni, nilimimina humo sukari yote ya chai, nikatikisa.

Bibi aliomba, tukasema amina, mgeni akanywa funda moja. Alikitazama kikombe.

"Dada, ng'ombe wangu ameanza lini kula miwa?"

Walicheka mpaka bibi akajifuta machozi kwa leso. Nilingoja fimbo. Badala yake mgeni alifungua kibuyu chake mwenyewe, akanimiminia.

"Usimeze haraka, mwizi wa sukari. Kaa nayo mdomoni. Unasikia nini?"

"Moshi."

"Ngoja."

"Uchachu."

"Ngoja tena."

Sasa mke wangu ameniwekea kikombe, bila sukari. Nimemshukuru Mungu, nimefumba macho, nimekunywa funda moja. Moshi umekuja kwanza, kisha uchachu. Nimengoja. Na utamu umekuja, mdogo, nyuma kabisa ya ulimi, pale pale nilipouacha.