Siku Baba Alipokubali Kuitwa Mlevi

Enzi zetu, wenzangu mliokuwa watoto wa shule Uhuru ungali mchanga, hakuna aliyetuuliza kama tumekaa vizuri. Ulipandishwa, ukaambiwa shika, mkaondoka. Juzi binti yangu alichelewa kazini nusu saa nzima kwa sababu mkanda wa kiti cha mtoto ndani ya gari ulikuwa umejipinda, naye hakuwa tayari kuwasha injini mpaka unyooke. Nilianza kumcheka. Halafu nikakumbuka nilivyobebwa mimi, kicheko kikanikauka. Haki ya Mungu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikiyawaza yale bado nashtuka kama yametokea asubuhi ya leo.

Mnaikumbuka barabara ya kuingia Nyeri kutoka upande wa Tetu, kabla haijatiwa lami? Saa kumi na mbili asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba, humwoni mtu, unasikia kengele tu. Wapishi, makarani, mabawabu, wenye maziwa na mikebe yao inayogongana, wote wako juu ya blakimamba, zile baiskeli nyeusi nzito zilizotengenezwa kama reli. Suruali zimechomekwa ndani ya soksi zisiliwe na mnyororo. Gazeti la jana limewekwa kifuani chini ya koti, kuzuia baridi ya mlima. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu ulijaa kwenye madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, kwa hivyo kila mtu alitembea na kijiti cha kuukwangua. Breki? Wacha nisiseme. Breki ya wengi ilikuwa kiatu cha akala, kile cha tairi kuukuu, unakanyagia tairi mpaka unasikia harufu ya mpira ukiungua. Watu walianguka kila wiki, wakajipangusa, wakafika kazini damu ikiwatoka magotini, na bosi akawauliza mbona wamechelewa.

Baba yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Mtu mrefu, mpole, wa kanisa, ambaye hata muratina ya harusini, ile pombe ya wazee, hakuigusa. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo aliniita Maitu, yaani mama, tangu nikiwa mchanga wa kubebwa. Nilipofika miaka minane alinitoa katika shule ya kijijini akanipeleka ya mjini, karibu na ofisi yake. Majirani walisema, huyu anajivunia binti yake. Hata mimi niliamini hivyo.

Ukweli ni huu, na afadhali niuseme mapema. Baba yangu alikuwa anapofuka. Mambo ya karibu aliyaona kidogo, kama mtu anayechungulia kupitia glasi iliyotoka kunywewa maziwa, lakini ya mbali yalikuwa yamemtoroka kabisa. Yeye na mama walijua. Mimi sikujua. Ofisini wangejua, angeachishwa kazi siku hiyo hiyo, na sisi tulikuwa watoto sita. Kwenda kwa miguu maili nane kila asubuhi, angefika wenzake wakinywa chai. Hospitali nayo aliiogopa, maana mtu fulani alimwambia kwamba huko wanalitoa jicho, wanalipangusa na kulirudisha, na mara nyingine wanalirudisha vibaya. Basi akatafuta macho mengine nyumbani mwake, akayapata kwangu.

Alinikalisha kwenye paipu ya mbele, ile kati ya kiti na usukani, juu ya gunia lililokunjwa. "Haya, Maitu, niambie barabara." Nami nilianza kuhubiri: kushoto shimo, kulia ng'ombe wawili, mbele mama na kuni, lori hilo linakuja! Alinifundisha kutaja upande kwanza. "Sema kushoto, ndiyo useme shimo. Mkono wangu usingoje." Mama naye, kila asubuhi akinifunga kitambaa kichwani, alisema, "Ongea na baba yako, asisinzie njiani." Nikadhani baba yangu ni mtu wa usingizi. Tulipoteremka ule mlima wetu, upepo ukinitoa machozi na miguu imekufa ganzi, nilicheka kwa nguvu, naye alicheka juu ya kichwa changu. We! Mtoto wa miaka minane anamwendesha mtu mzima kwa mdomo, mteremkoni, huku anacheka!

Tukiingia mjini alishuka akasukuma baiskeli, akijidai anaupumzisha mgongo. Huko mtaa wa Majengo tulisimama kwa mama mmoja Mwislamu aliyekaanga mahamri kwenye kibaraza chake. "Karibu, baba na dereva wake," alitutania, kwa kile Kiswahili chake laini ambacho sisi wa milimani tulikisikiliza kama redio. Sikuwa najua jinsi alivyopatia.

Nilipoingia darasa la nne, mambo yakabadilika. Wasichana wenzangu walianza kunicheka. Tukitokea tu kwenye lango, utasikia, "Kabeji imefika sokoni!" Mimi, msichana mkubwa wa miaka kumi kasoro, nimewekwa kwenye paipu kama mzigo wa soko la Karatina! Asubuhi moja nikamwambia baba, tukiwa bado nyumbani, kwamba kuanzia siku hiyo anishushe mbali, nitembee na wenzangu.

"Hapana, Maitu. Tutafika pamoja."

"Lakini kwa nini, Baba?"

"Panda twende."

Basi nikanuna. Mnajua kununa kwa msichana, na wa Nyeri juu ya hayo? Nilipanda, nikakunja mikono, nikaufunga mdomo kama mtu aliyekula kiapo. Baba alinisemesha mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Akapunguza mwendo kidogo, akaendelea, kwa sababu barabara ile aliijua kwa mazoea, na kazi haingojei.

Ilikuwa baada ya mvua za masika. Chini ya mteremko kulikuwa na daraja la mbao juu ya kijito kilichojaa maji ya rangi ya chai, na asubuhi hiyo watu wa barabara walikuwa wameng'oa mbao za upande mmoja ili watie mpya. Walikuwa wameweka matawi njiani. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua matawi barabarani yana maana gani: punguza mwendo, mbele kuna jambo. Niliyaona matawi. Niliwaona wanaume wenye sururu. Niliona lile pengo na maji yanayopita chini yake. Nikajiambia, atasimama, si ana macho?

"Maitu, mbona kimya?"

Sikujibu. Baiskeli ikapita juu ya matawi, kraa kraa kraa, na baba hakugusa breki. Wanaume wakapiga kelele. Hapo ndipo nilipopiga yowe, "Baba, simama!" lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mimi nilirushwa pembeni nikaangukia matope ya ukingo. Baba aliangukia kifua juu ya boriti, na baiskeli ikabaki ikining'inia kwa pedali. Akajivuta, akapiga magoti juu ya mbao. "Maitu! Maitu, uko wapi?" Jamani, nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili tu, matope mpaka kwenye nyusi na damu ikinitoka kidevuni. Uso wake ulikuwa umenielekea mimi. Kisha akageuka, akaanza kutambaa kwenda kwenye lile pengo, akipapasa mbao kwa viganja, kwa sababu alisikia maji na kudhani nimo humo.

Ngai wakwa, Mungu wangu! Nilimrukia nikamshika koti. Akanivuta, akanipapasa uso wote, paji, pua, mdomo, vidole vikakoma kwenye damu ya kidevu. Nilielewa kila kitu palepale, yale mashimo yote niliyoyataja kwa mchezo, yale malori yote, na siku zile nilizochoka nikaruka vitu vingine nisivitaje.

Wanaume wa daraja wakatuzunguka. Mmoja alikuwa wa kijijini kwetu, akamtambua baba.

"Mzee, umekunywa asubuhi yote hii? Na uko na mtoto!"

Nilifungua mdomo niseme. Baba akanibana mkono mpaka nikaumia.

"Ndiyo," akasema. "Nimekunywa. Mnisamehe."

Walicheka, wengine wakatema mate. Tulipokuwa tukisukuma baiskeli iliyopinda usukani, nikilia kwa kwikwi, ndipo aliponiambia, "Mlevi anaonywa, Maitu. Kipofu anafutwa. Usimwambie mtu yeyote." Wala hakunigombeza kwa kununa kwangu. Hilo liliniuma kuliko kidevu.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Jumapili hiyo wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakanywa chai ya mama, wakamwondoa baba kwenye meza ya Bwana kwa mwaka mzima na kumpeleka benchi la nyuma. Mama alipewa pole kisimani na wanawake ambao machoni mwao furaha ilionekana kabisa. Shuleni walinifuata nyuma wakipepesuka na kuimba. Nilimpiga mmoja, nikachapwa na mwalimu, nikakataa kusema sababu. Na Jumatatu, jamani, Jumatatu saa kumi na mbili nilikuwa juu ya paipu tena! Sasa sikucheka. Nilitaja kila kitu, mpaka kuku, mpaka majani, sauti ikanikauka kabla ya kufika mjini. Miaka miwili nilimtoa baba yangu nyumbani akiwa mzima na kumrudisha akiwa mzima, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi watatu.

Mwaka wa adhabu ulipokwisha, aliitwa mbele ya kanisa kutubu. Alivaa koti lake la kazini, mama alikuwa amelipiga pasi. Akasimama, akasema kwa sauti ya wazi, "Ndugu zangu, nilianguka. Sasa nimeacha pombe." Watu walipiga makofi, wakaimba, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye benchi la watoto nikimtazama mtu mwaminifu kuliko wote waliomo akiungama dhambi ambayo hakuitenda. Kisha akageuka arudi mahali pake. Alihesabu hatua vibaya. Akapita benchi la wanaume, akavuka njia ya katikati, akakaa taratibu katikati ya wanawake.

Kanisa zima liliangua kicheko. "Bado iko kichwani!" mtu akasema nyuma yangu. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Mama alinitazama kutoka upande wa kwaya, akatikisa kichwa kidogo tu. Nikakaa. Niliuma mdomo mpaka nikaonja chumvi, na baba yangu akabaki pale katikati ya vitambaa vya kichwa, akitabasamu kwa adabu, hajui wanacheka nini.

Nilipokwenda shule ya bweni, ndugu yangu anayenifuata alipanda paipu. Baada yake, wa tatu. Sote sita tulisoma. Siku ya kustaafu, ofisini walimpa saa ya ukutani, akashukuru akiwa ameishika kinyume, mgongo wa saa ukimwelekea usoni.

Siku hizi macho kama yale yanatibiwa asubuhi, na jioni uko nyumbani unasoma gazeti. Mjukuu wangu, mwenye macho ya mwewe, hawezi kutoka Mweiga kwenda Endarasha bila simu kumwambia akate kushoto. Simu ikizimika, anasimama kando ya barabara na kunipigia kelele mimi niliyeketi naye garini, kana kwamba ndiye niliyeificha njia. Watoto wa siku hizi wanafungwa mikanda, wanavishwa kofia ngumu, na mimi nasema vizuri, wafungwe hata miwili. Sitawadanganya kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Lakini kinachonishtua kuliko yote ni kwamba nazitamani. Natamani zile kengele ndani ya ukungu, na koti lile lililonuka mafuta ya taa, na kidevu cha baba kikigusa kichwa changu kila tulipopita juu ya jiwe. Hakuna kiti cha gari nilichowahi kukaa nikajiona salama hivyo, na hapo ndipo nilipokuwa karibu zaidi na kufa.

Tulipomzika, msimamizi alichukua kipaza sauti, akamsifu Bwana aliyemtoa marehemu kwenye chupa. Watu wakaitika amina. Sisi sita tulikuwa tumejipanga mstari mmoja kando ya kaburi, wengine tuna mvi, na hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tumezoea kunyamaza, na mama alikuwa bado hai. Sasa naye amekwenda, na ofisi ile haiwezi kumfuta baba tena.

Kwa hivyo nyinyi wa kanisa letu mlio hai, mliocheka Jumapili ile, nisikilizeni. Baba yangu hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Alikuwa haoni.