Mzigo wa Mashina ya Chini

Siku niliyomfungia jirani yangu mzigo wa marando ya viazi bado naikumbuka, mwanangu, na bado inaniuma. Kaa hapa nikuelezee.

Nilikuwa na miaka miwili tu katika ndoa, hapa hapa Butare. Soko la Kamembe lilinijua kwa viazi vitamu vyangu, vile vyenye njano ndani. Nikishusha kikapu tu, wateja wanagombania. Niliringa, sifichi. Utadhani mimi ndiye niliyevumbua kiazi! Kiangazi nilitunza marando, yale mashina ya viazi yanayotambaa, bondeni penye maji, ili mvua ya kwanza ikianguka niwe na mashina mabichi ya kupanda huku mlimani.

Maman Furaha alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Shamba lake liligusana na langu, lakini bondeni hakuwa na hata kipande, na mwaka ule marando yake yote yalikauka. Mvua ilipoanza, akaja kwangu.

"Maman, nisaidie mbegu. Nisipopanda juma hili, batoto batakula nini?"

Huku kwetu marando hayauzwi, wala muntu hanyimwi. Nilijua hivyo, kwa hiyo sikumnyima. Nilifanya vibaya zaidi. Kila mkulima anajua kwamba kinachopandwa ni ncha changa. Shina la chini limezeeka, na wadudu wa viazi hutaga mayai humo. Mimi nikakata ncha zote nikajiwekea, kisha nikamfungia mzigo mkubwa wa mashina ya chini. Niliogopa asije akakaa karibu nami sokoni na viazi kama vyangu. Akanishukuru sana, akajitwika, akaenda. Na mimi nikapika, nikala, nikashiba. Hebu fikiria!

Viazi vyake vilitoka vyembamba kama vidole, vimetobolewa, vichungu. Watoto wale walikula matembele matupu mpaka maharagwe yalipokomaa. Niliwaona kila siku wakinitazama, nikajifanya sioni. Msimu uliofuata wadudu wakatoka kwake wakaingia kwangu. Mteja mmoja wa Kamembe alipasua kiazi changu, akanusa, akanirudishia.

Nikakileta nyumbani. Mama mkwe wangu alikigeuza mkononi, akaniuliza swali moja tu.

"Jirani ulimpa ncha ao shina?"

Nikashika ufagio, nikaanza kufagia ua.

"Nenda umwambie. Kwa mdomo wako mwenyewe."

Nilimkuta Maman Furaha anapalilia. Nikaeleza yote. Hakuacha jembe.

"Nilijua siku ile ile. Nilipofungua mzigo, niliona."

"Sasa mbona ulipanda?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Maman. Nilikuwa sina ingine."

Ee Mungu wangu! Afadhali angenipiga. Nililia pale pale kwenye matuta. Tuling'oa viazi vyote, vyangu na vyake, tukachoma mabaki, tukapanda maharagwe msimu mzima ili wadudu wakose chakula. Nikamkatia kipande bondeni, na ncha safi tulizoomba kwa watu wa mlima wa jirani tukagawana sawa.

Sasa nasikia kikundi chenu cha vijana kina mboji nzuri, na majirani wakiuliza munavyoitengeneza, munawaambia nusu. Majani munataja, majivu munaficha. Mwanangu, huko ni kumpa muntu shina la chini. Anayekuja kukuomba mbegu ao ujuzi amekuja kwa sababu mvua imeanza na hana pa kwenda kwingine. Atachukua hata kibovu, atashukuru, na watoto wake ndio watakaolala njaa. Ukitoa, toa kile ambacho wewe mwenyewe ungepanda. Ukifundisha, fundisha mpaka mwisho.

Mungu akupe udongo mweusi na mvua ya wakati wake. Jirani akibisha mlangoni, mkono wako uende wenyewe kwenye ncha. Na asiwepo mtoto wa mlima huu atakayekutazama kama wale wanne walivyonitazama mimi.