Neno Nililolisema juu ya Gari ya Mwani

Gari ile ililetwa gereji kwangu, Chake Chake, ikivutwa kwa kamba na lori la mchanga. Ilikuwa gari ndogo ya mizigo, nyeupe, ya Kijapani. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Kiuyu, mkulima wa mwani, aliyeinunua ili kubebea mavuno yake na ya wanawake wenzake. Alinieleza ugonjwa wa gari vizuri kuliko wanaume wengi wanavyoeleza.

"Asubuhi yawaka vyema," aliniambia. "Ikishapata moto, taa ya injini yaja juu, mara yazima. Nikiiacha ikapoa, yawaka tena kama haikuwa na kitu."

Nikamuuliza nani aliyeishika kabla yangu. Akanitajia fundi mmoja wa Wete.

Fundi huyo nilimjua sana. Tulijifunza kazi pamoja kwa mwalimu mmoja, tukila sahani moja na kugombania spana moja. Zilipoanza kuja gari za kompyuta, mimi nilivuka kwenda Dar es Salaam kusoma miezi michache, nikarudi na mashine ya kupimia kompyuta hizo. Yeye alibaki na mita yake ya zamani ya umeme na masikio yake. Sikuwahi kumcheka, lakini ndani ya nafsi yangu nilikwisha kujiweka ngazi moja juu yake.

Nikafungua boneti. Kitu cha kwanza nilichokiona ni waya uliopitishwa upya na kuzungushiwa tepu nyeusi. Palikuwa na madereva wawili wamekaa wakisubiri gari zao. Nikasema kwa sauti, bila ya kuulizwa: "Hapa pameharibiwa. Alofunga waya hizi hajui umeme."

Bibi akanitazama. "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Bi Mkubwa."

Nilipoikata ile tepu nikakuta maungio yamelehemiwa kwa risasi, safi, hayana dosari. Ulikuwa waya mpya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na mwenzangu alikuwa ameutia pale palipostahiki. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nikanyamaza. Nilikwisha kusema, na waliosikia walikuwa bado wamekaa pale pale. Nikautoa waya ule, nikatia wangu.

Gari iliondoka, ikarudi baada ya siku tatu. Mara hii nikachomeka mashine. Wakati mwingine ilisoma, wakati mwingine kompyuta ya gari haikuijibu, kama haikuunganishwa na kitu. Hilo peke yake lingetosha kunifungua macho, ila mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Nikabadilisha sensa ya kranki, kile kipimio cha mzunguko wa injini. Ikarudi. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Huku nyuma neno langu lilikuwa limeshafika Wete. Nilisikia kwamba madereva wa kaskazini wameanza kuipita gereji ya mwenzangu bila ya kusimama. Sitasema uongo: habari ile haikunichukiza.

Mara ya nne bibi alikuja na magunia yake ndani ya gari, mwani umelowa. Gari ilimzimikia njiani, mvua ikamkuta, na mwani uliokwisha kukauka ukipata mvua huharibika. Hakunigombeza. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akafunga vizuri mtandio wake, akasema:

"Fundi, mie sikusomea magari. Lakini yule wa Wete alinambia, 'Bi, nimetengeneza nilipopaona, ila ugonjwa wenyewe sijaujua.' Weye wajua kila mara, na kila mara yanizimikia."

Nikamwomba aniachie gari kwa siku mbili.

Siku ile sikubadilisha kitu. Niliiwasha nikaiacha kwenye sailensa, ingurume taratibu bila ya kwenda, nikakaa na mita kama tulivyofundishwa zamani, nikipima waya mmoja baada ya mwengine. Umeme wa betri ulifika sawasawa. Ethi ilikuwa nzuri. Lakini umeme ambao kontroboksi, ile kompyuta ya gari, hupeleka kwenye sensa, ambao unatakiwa uwe volti tano, ulianza kuanguka kila injini ilipopata moto. Ulipofika mbili, injini ikazima.

Kontroboksi yenyewe ilikaa chini, miguuni mwa abiria. Nikanyanyua mkeka. Chini yake kulikuwa na unyevu na ukoko mweupe. Niliugusa kwa kidole nikauonja: chumvi. Yale magunia yalikuwa yakipakiwa mabichi kutoka pwani kupelekwa kwenye vichanja vya kuanikia, na maji ya bahari yakichuruzika mpaka huko. Nikalifungua boksi. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani, na njia nyembamba za shaba zimelika.

Ilihitajika nyengine yenye namba ile ile. Niliuliza Chake, nikapiga simu Unguja, sikupata. Gari mbovu ya aina ile niliijua moja tu, nayo ilikuwa uani kwa mwenzangu.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya pikipiki. Akaitikia salamu yangu bila ya kuinuka.

"Nilisikia ulosema," akasema.

"Kweli, nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Na waya wako ulikuwa sawa, yakhe. Niliuona siku ile ile kuwa u sawa."

Hapo ndipo akaniangalia. Nadhani angeweza kunisamehe kukosea kwa wepesi zaidi kuliko kunisamehe kujua. Alifuta mikono yake muda mrefu. Mwisho akauliza, "Namba ngapi?"

Nikamsomea. Akaingia ndani ya ile gari mbovu, akatoka na boksi, tukalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu.

"Nitakuja nayo mwenyewe," akasema.

Alikuja kesho yake. Tulitoa betri, tukasafisha soketi moja moja, tukaifunga kontroboksi ile juu, nyuma ya dashibodi, maji yasipofika. Hatukuzungumza ila maneno ya kazi. Bibi akawasha gari mwenyewe. Injini ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia. Tukaiacha iungurume saa nzima, nami nimeshika mita: volti tano, volti tano.

Nikamwambia bibi, na waliokuwapo wakasikia, kwamba kosa halikuwa la fundi wa Wete, lilikuwa langu. Bibi akasema, "Alhamdulillahi," akamgeukia mwenzangu akamshukuru kwanza, halafu mimi.

Gari ile bado inabeba mwani, imetandikwa turubai nene nyuma. Mimi na mwenzangu tunapigiana simu tukikwama na kazi. Kula pamoja hatujala tena.

Mmoja kati ya wale madereva wawili bado ni mteja wangu. Kila akija na mtu mgeni humhadithia habari za fundi wa Wete aliyevuruga waya za gari ya mwani. Mimi humkatiza, nikamwambia haikuwa hivyo, mwenye kosa ni mimi. Naye hucheka, akanipiga bega. "Fundi wetu huyu," humwambia mgeni wake, "hapendi kumsema mtu vibaya."