Hodi kwa Balozi

Sabuni ya mche ikikatwa hutoa harufu kali kidogo, ya mafuta na magadi, nami harufu hiyo hunirudisha moja kwa moja nyumbani kwetu Nyasura, pale Bunda, miaka ile sabuni ilipokuwa adimu kuliko nyama. Mama aliikata kwa uzi. Aliuzungusha kwenye mche, akavuta ncha zote mbili polepole, kipande kikadondoka kimenyooka, sawasawa na wenzake tisa. Nyumba kumi, vipande kumi. Hakuna aliyenung'unika, na watu wa mtaa wetu, nawajua, walikuwa hodari wa kunung'unika.

Kugawa sabuni na sukari ilikuwa kazi ya balozi wa nyumba kumi, na balozi alikuwa baba. Bila barua yake hukupata hata sukari ya msiba. Lakini baba alikuwa amepooza upande wa kulia tangu nikiwa darasa la pili, akawa wa kulala tu kwenye kitanda cha kamba sebuleni, karibu na mlango. Mtu akifika alisema, "Hodi kwa Balozi," na baba, kwa ulimi uliokuwa mzito, aliitikia, "Karibu." Alijuliwa hali, naye akauliza za ng'ombe na za pamba. Kisha mama aliandika barua, akamshikisha baba kalamu katika mkono ule mgonjwa, akaufunika kwa mkono wake, na mikono miwili ikaweka sahihi moja. Nyumba zote kumi zilijua kazi inafanywa na nani, na zote zilinyamaza. Mama mwenyewe walimwita Mama Balozi, jina la mke, basi.

Jambo hilo lilinikera. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa akili yangu ile niliona mama anadhulumiwa mchana kweupe.

Siku moja nimetoka shule, akaja bwana mmoja kutoka ofisi ya kata, faili kwapani. Mama alikuwa shambani akipalilia pamba, baba amesinzia. Yule bwana alinisalimia vizuri, akaniuliza balozi ni nani hapa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

"Balozi ni mama," nikamwambia. "Yeye ndiye anaandikaga barua zote. Baba hata kalamu hashikagi."

Akaandika kitu kwenye faili, akanishukuru, akaondoka. Mama aliporudi nilimpokea jembe na kumsimulia yote kwa furaha, nikingoja kusifiwa. Alimtazama baba pale kitandani, muda mrefu, kisha akanituma maji.

Wiki iliyofuata tuliitwa mkutanoni kuchagua balozi mpya, uani kwa jirani yetu, Mzee Magesa. Mwanamke mmoja alithubutu kusema kwamba balozi tunaye tayari, akamnyooshea mama kidole. Yule bwana wa kata akatabasamu.

"Huyo ni mke wa balozi, mama. Sisi tunatafuta balozi."

Wanaume wote, waliokuwa wamekunywa chai ya sukari aliyoigawa mama, walitazama miguu yao. Akachaguliwa Mzee Magesa. Alikuwa mtu mwema, ila sabuni aliikata kwa kisu, ikitoka nene huku na nyembamba kule. Mama alimkabidhi daftari kwa mikono miwili, tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile hodi zikahamia kwa Magesa. Baba alisikia nyayo zikipita njiani, akageuza shingo kuelekea mlangoni. Wakati mwingine aliitikia, "Karibu," na hakuna aliyebisha hodi. Ndipo mama akaanza jambo nililoliona la ajabu. Akitoka kisimani au shambani, alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe, akasema, "Hodi kwa Balozi." Baba akaitikia. Hata hivyo, alifariki kabla pamba haijachumwa.

Miaka ikageuka. Sabuni zikajaa madukani za kila rangi, na barua ya balozi haikuhitajika tena kununua chochote. Magesa naye alikwisha kusahaulika. Mama peke yake ndiye aliyebaki na jina lake, Mama Balozi, mjane wa cheo ambacho hakuna anayekikumbuka.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilitaka aitwe balozi, kwa sababu ndiye aliyekuwa balozi.

"Najua, mwanangu," akasema. "Lakini jina mimi sikulitakaga. Nilitakaga tu baba yako awe na watu wa kukaribisha."

Nililia siku ile, na bado huniuma. Siku hizi nikienda Nyasura husimama kwanza nje ya mlango, mzigo mkononi, nikasema, "Hodi kwa Balozi." Mama yumo ndani, namsikia. Lakini huchelewa kidogo kuitikia, kana kwamba anampa mwingine nafasi aitikie kwanza.